Chapa: neno moja lenye kazi nyingi, na lilivyotufikia

Kama unaishi Mwanza, jaribu kuhesabu ni mara ngapi kwa wiki unakutana na neno chapa. Mhadhiri anataka kazi iliyochapwa, si ya mkono. Steshenari jirani na chuo imebandika karatasi dirishani: tunachapa tasnifu, kadi za harusi na fulana. Mfugaji wa Magu anamtambua ng'ombe wake kwa chapa iliyo mguuni. Dukani unaulizwa unataka unga wa chapa gani. Mtaani mtu anasifiwa kuwa mchapakazi, na mtoto mtukutu anaahidiwa kuchapwa. Ukishika Gazeti la Serikali, unamkuta Mpigachapa Mkuu wa Serikali.

Hivi hilo ni neno moja lenye maana sita, au ni maneno kadhaa yaliyofanana sura tu? Na kuna uhusiano gani kati ya wino wa kitabu, ngozi ya ng'ombe na pakiti ya sabuni?

Swali hili si la wapenzi wa kamusi peke yao. Mtu anayefungasha dagaa pale Mwaloni Kirumba akiamini kwamba kuchapa lebo ni sawa na kumiliki chapa, anaweza kupoteza jina alilolijenga kwa miaka. Kwa hiyo twende taratibu: tuanze na neno lenyewe, halafu tufike kwenye pakiti.

Neno lililovuka bahari

Chapa tunayoizungumzia hapa, yaani ile ya alama na ya kupiga chapa, ilitoka India. Kihindi kina neno *chhap*, maana yake alama iliyoachwa na muhuri. Kitenzi chake ni *chhapna*, kuchapa, na kiwanda cha uchapaji kinaitwa *chhapakhana*. Kigujarati, lugha ya wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliohamia pwani ya Afrika Mashariki na baadaye miji ya bara kama Mwanza, nacho kina *chhap*, na gazeti kinaliita *chhapu*. Yaani gazeti kwao ni "kilichochapwa".

Angalia hizo herufi mbili za h. Kihindi kina ch ya kawaida na ch inayotoka na pumzi nzito, na sauti hizo mbili hutofautisha maneno. Kiswahili sanifu hakiandiki tofauti hiyo, kwa hiyo neno lilipoingia kwetu pumzi ile ikabaki nje. Ndiyo maana masikioni mwetu chapa na chapati ni kama ndugu, na utamsikia mtu akikuambia kwamba chapati imeitwa hivyo kwa sababu "inachapwa" mezani. Sivyo. Chapati kwa Kihindi inaanza na ch isiyo na pumzi, na inahusishwa na kukifanya kitu kiwe bapa. Nayo ilitoka India, lakini ukoo wake ni mwingine.

Kuna neno jingine linalotaka kujiingiza kwenye familia hii. Kireno nacho kina *chapa*, maana yake bamba la chuma. Ukifika Maputo, basi dogo la abiria, ndugu yake daladala yetu, linaitwa chapa. Mtu angeweza kusema Wareno waliokuwa pwani yetu ndio waliotuachia neno. Lakini linganisha maana. Kireno kinaanzia kwenye bamba, kitu chenyewe. Kiswahili kinaanzia kwenye alama inayobaki baada ya kugandamiza, na hapo ndipo Kihindi kilipo. Sisi tunaosoma isimu tunafundishwa kwamba kufanana kwa sauti hakutoshi. Sauti ilingane, maana ilingane, na iwepo njia ambayo watu walilibeba neno.

Njia ya kutoka India ipo wazi, kwani neno hilohilo lilisafiri pia kuelekea mashariki. Kimalei na Kiindonesia wana *cap*, linalotamkwa "chap", na wanaliweka mbele ya jina la bidhaa kama sisi tunavyosema "chapa fulani". Kitambaa cha batiki kinachotiwa nakshi kwa muhuri wa shaba wanakiita *batik cap*. Waingereza waliokuwa India walilichukua wakaliita *chop*. Kamusi maarufu ya maneno ya Kiingereza cha India, Hobson-Jobson ya mwaka 1886, inalieleza kama alama ya muhuri kwanza, kisha inaongeza kwamba kitenzi chake ndicho kilichokuja kutumika kwa uchapaji wa vitabu.

Mpangilio huo una maana kubwa. Muhuri ulitangulia, kitabu kikafuata. Kabla hawajachapa kurasa, watu walikuwa wakichapa bidhaa, sarafu na hati ili kuonyesha nani anahusika nazo.

Na ile chapa ya fimbo? Kwenye kamusi utaikuta imepewa nafasi yake, kama neno jingine lenye umbo lilelile. Ushahidi mzuri ni namna chapa ya alama ilivyokaa kwenye sarufi yetu. Hatukusema tu "kuchapa kitabu". Tulisema *kupiga chapa*. Kiswahili kikipokea jina la jambo geni, mara nyingi hulikabidhi kwa kitenzi piga: piga pasi, piga picha, piga simu. Chapa ilipokelewa kama jina la kitu, ikapewa piga, na ikakaa kwenye ngeli ya chapa hii, chapa hizi, ambako maneno mengi ya kukopa hutua. Baadaye ikawa kitenzi, na hapo ikakutana uso kwa uso na chapa ya kiboko.

Kitenzi hicho kimezaa familia nzima, na mofimu moja ndogo ndani yake inafanya kazi ambayo watu wengi hawaioni. *Mchapaji* au *mpigachapa* ndiye mwenye mashine na wino. *Mchapishaji* ndiye anayesababisha kitu kichapwe: anachagua mswada, anauhariri, anatoa pesa, anabeba hasara kama vitabu visipouzika. Hicho kiambishi -ish- ni cha kusababisha, kama kwenye lisha na endesha. Kwa hiyo ukimlipa mwenye steshenari akutolee nakala 50 za kitabu chako, yeye ni mchapaji. Mchapishaji ni wewe.

Alama za kughushi zilianza zamani

Sasa turudi kwenye muhuri wa bidhaa, maana hapo ndipo chapa ilipopata thamani ya pesa.

Katika karne ya 19 kitambaa kilichotamba kuliko vingine Zanzibar kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyotoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, kupitia bandari ya Salem. Jina lake lenyewe linakwambia kilitoka wapi. Mwaka 1835 daktari wa jeshi la majini la Marekani, William Ruschenberger, alipita Zanzibar na Muscat. Katika kitabu chake cha mwaka 1838 alieleza kwamba Waingereza walikuwa wakiiga kitambaa hicho na kukigonga alama za Kimarekani. Wanunuzi walishtuka. Walijua kwa kushika na kwa kuvaa kwamba merikani halisi ilidumu zaidi, na kwa kuogopa kudanganywa wakawa wanakwepa kununua kwa Waingereza kabisa.

Fikiria hilo kidogo. Uingereza yenyewe ilianza rejista yake ya alama za biashara mwaka 1876, na alama namba 1 ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Miaka 40 kabla ya hapo, wanunuzi wa pwani yetu walishapambana na chapa feki, na silaha yao ilikuwa moja tu: kumsusa muuzaji.

Merikani haikubaki pwani. Misafara iliibeba hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi huku ziwani. John Hanning Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, vitambaa na shanga ndivyo vilivyokuwa pesa ya safari: posho, hongo kwa watawala, chakula cha njiani, vyote vililipwa kwa mikono ya nguo. Katika biashara ya namna hiyo, kujua jora limetoka wapi ni sawa na kujua noti ni halali.

Chapa kwenye nguo iliendelea kukua. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alifungua duka lake mwaka 1887, na khanga zake zikajulikana kwa maneno yanayochapwa pembeni mwa kitambaa: *Mali ya Abdulla*. Mpaka leo wapo wanawake wanaotafuta maandishi hayo kabla hawajauliza bei. Soma tena: mali ya. Mtengenezaji hakuandika "bora" wala "imara". Aliandika nani anajibu kama rangi ikichuja.

Kanda ya Ziwa nayo ilikuwa na zake. Kiwanda cha nguo cha Mwanza kiliitwa Mwatex, cha Musoma kikaitwa Mutex. Majina hayo ni vifupisho vya kiofisi tu, mji na neno la Kiingereza la nguo, lakini yakiwa kwenye kitambaa yaligeuka chapa. Hakuna aliyekaa kikao kubuni "chapa". Watu walivaa, wakafua, wakaona, jina likabeba sifa.

Wakati huohuo uchapaji wa maandishi nao ulishaota mizizi. Wamisionari wa UMCA walikuwa na mtambo wa uchapaji Zanzibar, na mwaka 1888 shule yao ya Kiungani ilianza kutoa *Msimulizi*, linalohesabiwa kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili. Hivyo neno moja likawa na ofisi mbili: moja ya maandishi, nyingine ya bidhaa. Hazikuwahi kutengana.

Chapa ya moto

Kwenye mifugo, Kiswahili na Kiingereza vimetembea njia moja kwa mielekeo inayopishana. Neno la Kiingereza *brand* lilianza na moto. Asili yake ni kuungua, kijinga cha moto. Likawa alama ya chuma cha moto kwenye ngozi ya mnyama na kwenye mapipa, na kufikia karne ya 19 likawa jina la bidhaa ya mtengenezaji fulani. Kutoka ng'ombe kwenda dukani. Chapa yetu ilianza na muhuri wa mfanyabiashara, ikaingia kwenye karatasi na nguo, halafu ikamfikia ng'ombe. Safari mbili, zikakutana kwenye wazo moja: alama iliyogandamizwa isiyofutika kirahisi, inayosema huyu ni wa nani.

Kwa mfugaji wa Usukumani hili si nadharia. Makundi yanachanganyika malishoni na mnadani, wafugaji wengine wamehamia Katavi, Rukwa na Morogoro, na ng'ombe aliyepotea hana kitambulisho kingine. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kazi hiyo, na mwaka 2017 ilifanyika kampeni ya nchi nzima ya kupiga chapa ng'ombe. Lakini chapa ya moto ina gharama yake. Kovu halitoki ngozi inapoenda kusindikwa, na ngozi yenye kovu katikati hushuka daraja. Ndiyo maana wataalamu husisitiza ipigwe sehemu kama mguuni, isipigwe ubavuni kwenye eneo kubwa la ngozi. Siku hizi hereni za masikioni zinachukua nafasi ya chuma cha moto. Hereni haiharibu ngozi, ila inaweza kukatwa. Kila aina ya chapa ina maadui wake.

Sasa pakiti yako

Chukulia mama mmoja anakaanga dagaa, anawafungasha vizuri, anawauza Mwanza mjini, kisha wateja wa Shinyanga na Dodoma wanaanza kuagiza. Ameenda Makoroboi, amechorewa picha ya samaki na jina, amechapa stika 1,000. Akiulizwa, anasema tayari ana chapa. Kwa kweli ana kitu kimoja kati ya vitano. Tuvitenganishe.

*Lebo* ni karatasi au stika yenyewe: jina, uzito, viungo, tarehe ya mwisho ya matumizi. Ni chombo cha kubebea habari.

*Nembo* ni mchoro unaowakilisha kampuni au taasisi. Neno hili ni la kwetu, na zamani lilimaanisha chale na alama zilizochanjwa mwilini kuonyesha mtu ni wa watu gani. Utaona kwamba hata hapa wazo ni lilelile, ila alama ilikaa kwenye ngozi ya mtu.

*Muhuri* au *alama ya ubora* ni neno la mtu wa tatu. Alama ya TBS, shirika lililoanzishwa mwaka 1975, haisemi bidhaa ni ya nani. Inasema imepimwa ikakidhi kiwango. Stempu ya kodi ya TRA kwenye chupa ya bia au pakiti ya sigara ni ya ukoo huohuo, na ndiyo iliyo karibu kabisa na kazi ya zamani ya *chhap*: kuonyesha kwamba mzigo umepita kwenye mamlaka. Kuiga alama hizi ni kosa, hata kama dagaa wako ni wazuri kuliko wa wote.

*Alama ya biashara* ni jina au mchoro uliosajiliwa kisheria ili wewe peke yako uutumie kwa bidhaa za aina fulani. Tanzania Bara unasajili BRELA, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza unadumu miaka 7, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina rejista yake, kwa hiyo usajili wa BRELA hauvuki na boti kwenda Unguja.

*Chapa*, kwa maana pana ya kibiashara, ni kile ambacho mteja anakikumbuka akisikia jina lako. Hiki huwezi kukichapa popote. Kinajengwa pakiti kwa pakiti.

Hapa ndipo watu wanapoumia. Wengi husajili *jina la biashara* wakadhani wamemaliza. Jina la biashara linakutambulisha wewe kama mfanyabiashara. Ni usajili mwingine kabisa, na halikupi umiliki wa alama iliyo kwenye pakiti. Mwingine akisajili alama inayofanana na yako kabla yako, unaweza kujikuta unalazimika kuthibitisha kwa gharama kubwa kwamba ulianza wewe, au kubadilisha jina ambalo wateja wameshalizoea.

Tatizo la pili liko kwenye jina lenyewe. "Dagaa Bora" na "Dagaa wa Mwanza" ni majina mazuri ya kuita wateja, ila ni dhaifu kama alama za biashara. Kwa kawaida jina linaloeleza tu bidhaa ni nini, au linatoka wapi, halisajiliki lenyewe peke yake, maana kila muuza dagaa wa Mwanza ana haki ya kusema anauza dagaa wa Mwanza. Alama yenye nguvu ni ile isiyoeleza bidhaa. Kampuni ya Chillington ya Uingereza iliweka mamba kwenye majembe yake. Mamba hahusiani kabisa na kulima, na kwa sababu hiyohiyo alama ilikaa kichwani, hata kwa mnunuzi asiyejua kusoma.

Tatizo la tatu ni la waliofanikiwa kupita kiasi. Tanzania kiwi ni dawa yoyote ya viatu. Kiwi ilianza Australia mwaka 1906 kama jina la mtengenezaji mmoja. Leo unamwambia mwenye duka "nipe kiwi" naye anakupa kopo la kampuni nyingine, hakuna anayeshangaa. Jina limetoka kwenye chapa likawa nomino ya kawaida, na mwenye nalo hana la kumfanya mzungumzaji wa Kiswahili.

Kwa hiyo kama una bidhaa, fuata mpangilio huu. Kabla ya kuchapa stika 1,000, tafuta kwanza kwenye mfumo wa BRELA kama jina lipo. Chagua jina lisiloeleza bidhaa. Andikianeni na aliyekuchorea nembo kwamba mchoro sasa ni wako. Peleka ombi la kusajili alama, siyo jina la biashara tu. Kisha ndiyo uchape. Na kama wewe ni mnunuzi, ukiona pakiti ina alama ya ubora lakini haina jina wala anwani ya mtengenezaji, jiulize swali ambalo chapa ilibuniwa kulijibu tangu ilipokuwa muhuri wa Mhindi: nikirudi na malalamiko, nimrudie nani?